UKURASA WA NYUMBANI: Gesi ya Jikoni Katika Gari la Abiria

Mtu akaaye Busia hahitaji kuelezwa neno bodaboda lilizaliwa wapi. Wazee husimulia kwamba katika miaka ya 1960 na 1970 msafiri aliyeshuka upande mmoja wa mpaka wa Kenya na Uganda alikuta mbele yake mwendo wa miguu na mzigo wa kujitwika, na hapo ndipo vijana wenye baiskeli walipompokea, wakinadi kwa Kiingereza cha haraka haraka safari ya kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Kiingereza kile kikalainika vinywani mwa watu kikawa Kiswahili. Baiskeli zile zilikula jasho la mwendeshaji tu. Hazikutoa moshi wala hazikudai petroli. Pikipiki zilizolirithi jina hilo zinadai, na pamoja nazo yako magari ya abiria, na nyuma ya magari ya abiria yako malori ya mizigo yaendayo Kampala, Kigali, Juba na Kongo, yote yakipita katika milango miwili: Busia, na Malaba iliyo katika wilaya ya Tororo.

Mnamo Januari 2022 waliojenga kandokando ya barabara hizo waliona jinsi milango hiyo ilivyo myembamba. Madereva wa malori waligoma kwa sababu ya ada ya kupimwa ugonjwa wa Korona iliyotozwa upande wa Uganda, na msururu wa malori ukarudi nyuma kilomita nyingi ndani ya Kenya. Malori ya mafuta yakanaswa humo humo. Uganda ikapungukiwa petroli, bei ikaruka, na wenye magari wakapanga foleni penye pampu tupu. Tangu siku zile mazungumzo ya kutafuta kitu kingine cha kutia katika gari badala ya petroli yamekuwa mengi huku kwetu, na katika mazungumzo hayo gesi ya kupikia hutajwa mara nyingi.

Ndivyo tulivyopata barua ya mama mmoja, mke wa askari, aishiye karibu na Tororo. Mzee wake amebakiza muda mfupi astaafu. Akiba yao wameitia katika gari dogo la mtumba, la petroli, lichukualo abiria kati ya Tororo, Malaba na Busia. Fundi mmoja amewaambia kwamba atawafungia gesi kwa malipo nafuu, mtungi ukae ndani ya buti, ule ule wa jikoni, na kwamba wataokoa fedha na tena watakuwa wamefanya jambo jema, maana gesi haichafui hewa. Mama anauliza mambo mawili. Je, habari hiyo ya hewa safi ni ya kweli? Na je, wakubali? Ameongeza mstari mmoja chini ya sahihi yake: gari hulala usiku chini ya dirisha la chumba cha watoto.

Swali la kwanza tutalijibu kwa urefu, maana maneno ya fundi huyo yana ukweli mwingi ndani yake. La pili tutalijibu kwa ukali.

Gesi tuitumiayo jikoni ni mchanganyiko wa hewa mbili, propani na butani, zitokazo katika visima vya mafuta na katika viwanda vya kusafishia mafuta. Zikiachwa huru ni hewa; zikibanwa kidogo hugeuka maji maji, na ndiyo sababu ukitikisa mtungi husikia kitu kikicheza ndani. Lita moja ya maji maji hayo ikifunguliwa hutanuka ikawa lita zaidi ya 200 za hewa. Husimuliwa kwamba Mmarekani mmoja, mkemia Walter Snelling, aliigundua propani karibu na mwaka 1910 alipokuwa akichunguza kwa nini petroli ya siku zile ilikuwa ikipotea yenyewe katika matangi ya magari: alikuwa amebeba sampuli katika chupa na kizibo kikawa kinafyatuka njiani. Kwa hiyo gesi na gari ni ndugu wa tangu zamani. Kabla ya kufika katika jiko lako ilikwisha kuwa imo ndani ya tangi la gari, ikisumbua.

Gari la petroli hukubali gesi bila shida kubwa, kwa kuwa njia yake ya kuwasha moto ni ile ile, cheche ya plagi. Na moto wa gesi ni safi zaidi. Tazama sufuria iliyopikiwa juu ya gesi, kisha utazame ile iliyopikiwa juu ya kuni: masizi yako wapi? Jambo hilo hilo hutukia ndani ya injini. Gesi huchanganyika na hewa vizuri kabla ya kuwaka, haina matone mazito ya mafuta yanayoungua nusu nusu, ina salfa kidogo sana, na haina zile kemikali za benzini zilizomo katika petroli ambazo hudhuru damu ya binadamu. Masizi yake ni karibu na kutokuwapo. Hata ile hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, iuayo watu waliolala na sigiri ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hupungua gari likitumia gesi. Faida hiyo huonekana zaidi katika gari kuukuu kuliko katika gari jipya, kwa sababu magari mapya yana chombo katika ekzosi cha kuusafisha moshi wa petroli. Magari yetu mengi ya abiria hayana habari ya chombo hicho. Ama kilikufa zamani, ama kiliuzwa.

Upo pia upande wa hewa ukaa, ile ilaumiwayo kwa kuongeza joto la dunia na kuvuruga mvua. Hapa tufanye hesabu, maana fundi hakuifanya. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa hewa ukaa ya uzito wa kilo 2.3 hivi. Lita moja ya gesi hutoa kilo 1.6 au pungufu kidogo. Mtu mwepesi angesema tumeokoa karibu theluthi nzima, lakini sivyo, kwa kuwa lita ya gesi ni nyepesi na ina nguvu ndogo kuliko lita ya petroli. Gari litumialo lita 10 za petroli kwa kilomita 100 litataka lita 12 na nusu hivi za gesi kwa mwendo huo huo. Basi petroli imetoa kilo 23 na gesi imetoa kilo 19 au 20. Upungufu ni kama sehemu moja katika sita mpaka nane. Si haba, lakini si muujiza. Gesi ni mtoto wa mafuta, haikushuka kutoka mbinguni.

Kwa maoni yetu faida kubwa kwa watu wa Busia na Tororo si hiyo ya dunia nzima, bali ile ya pua na kifua cha mtu aketiye kando ya barabara: mama auzaye ndizi, afande asimamaye kwenye kizuizi saa nane mfululizo, mtoto aendaye shule kwa miguu akiwa na urefu ulio sawasawa na ekzosi ya lori. Mji wa Tororo una vumbi la saruji tangu miaka ya 1950, na hauhitaji kuongezewa masizi. Mwezi wa Juni 2012 wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani waliutia moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Afande hawezi kuchagua mahali pa kusimama. Hewa aivutayo huamuliwa na watu wengine, na miongoni mwao tumo mimi na wewe tupandao magari.

Wala asitokee mtu wa kusema kwamba moshi wa magari ni amri ya Mungu isiyobadilika. Imekwisha kubadilika mbele ya macho yetu. Kwa miaka mingi petroli ilitiwa risasi (madini ya risasi, ndugu askari, si ile uijuayo wewe) ili injini isigonge, na risasi ile ilikuwa ikidhoofisha akili za watoto kwa siri. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar kuiondoa, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuondoka katika vituo vyetu. Mwaka 2021 ikaondoka duniani kote katika petroli ya magari, nchi ya mwisho ikiwa Algeria. Kisha kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikakubaliana juu ya dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Mambo haya mawili yamefanyika kimya kimya, bila ngoma, na yameokoa vifua vingi kuliko hotuba nyingi tulizozisikia.

Hata hivyo yatupasa kusema wazi kwamba gesi haitaumaliza moshi wa Malaba. Moshi mweusi uonekanao pale hutoka katika malori, na malori ni ya dizeli. Injini ya dizeli haina plagi. Huwasha mafuta kwa kuyabana tu, na gesi haikubali kuwashwa hivyo. Ziko njia za kuifanya injini hiyo ile dizeli na gesi pamoja, lakini ni kazi ya gharama na ya mafundi waliofunzwa hasa. Dawa ya malori ni nyingine. Ya kwanza ni kuyapunguzia muda wa kusimama: lori kubwa lililosimama huku injini ikizunguka hunywa kati ya lita 2 na 4 za dizeli kila saa, bila kusogea hata hatua. Vituo vya pamoja vya mpakani, ambavyo gari husimama mara moja tu badala ya mara mbili, ni dawa ya hewa kama vilivyo dawa ya biashara. Cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais wa nchi zote mbili, Bwana Museveni na Bwana Kenyatta. Dawa ya pili ni reli. Mwaka 2024 Uganda ilitia sahihi mkataba wa kujenga reli mpya ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, na behewa moja la mizigo likipita kwa reli ni lori moja au mawili yasiyopita mbele ya nyumba yako.

Basi gesi ni ya magari madogo ya petroli: teksi, gari la nyumbani, matatu ya petroli. Hapo ndipo mama wetu alipo, na hapo ndipo tufikie swali lake la pili.

Jibu ni hapana. Si hapana kwa gesi, ni hapana kwa mtungi wa jikoni ndani ya buti, na sababu zake kila mwenye nyumba yafaa azijue hata kama hana gari.

Mtungi wa jikoni umetengenezwa usimame wima na utoe hewa kwa juu. Tangi la gesi la gari hufanya kinyume: hutoa maji maji kwa chini, nayo hupelekwa mbele kwa bomba la shaba au la namna nyingine iliyoidhinishwa mpaka kwenye kifaa kipashwacho joto na maji ya injini, na humo ndimo yageukapo kuwa hewa kabla ya kuingia katika injini. Mtungi wa jikoni ukilazwa katika buti, maji maji yatatoka mahali palipotarajiwa hewa, na mpira wa jikoni na regyuleta yake ndogo havikuumbwa kwa kazi hiyo. Ukisimamishwa utatikiswa na mashimo ya barabara mchana kutwa, jambo ambalo jiko lako halifanyi. Tena tangi la gari lina vali yenye akili: hujifunga lenyewe likijaa asilimia 80, ili gesi ikipata joto iwe na nafasi ya kutanuka, hufunga njia papo hapo injini ikizimika au bomba likikatika kwa ajali, na lina kifuniko cha kuipeleka nje ya gari gesi yo yote ivujayo. Mtungi wa jikoni hauna vitu hivyo vya kulilinda gari, na aujazaye kwa kuhamisha gesi kutoka mtungi mwingine hana cha kumwambia umefika asilimia ngapi.

Na hapa ndipo penye hatari ya chumba cha watoto. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi ikapotea angani. Hushuka, ikatambaa chini kama maji yasiyoonekana, ikajaa ndani ya gari, ikateremka ngazi, ikalala katika shimo la gereji au katika mtaro, ikingoja cheche. Kwa asili haina harufu. Ile harufu ya kitunguu kilichooza hutiwa makusudi, ili pua ya mama mwenye nyumba iwe kengele. Lakini watu wote wakiwa usingizini, pua nayo imelala.

Tusidhani tunazungumza ndoto. Usiku wa Februari 1, 2024, katika mtaa wa Embakasi mjini Nairobi, gesi iliripuka mahali palipokuwa pakijaziwa mitungi kinyume cha sheria, katikati ya makazi ya watu. Moto ulizifuata nyumba na maghala, watu kadhaa wakapoteza maisha na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya ilieleza kwamba maombi ya kibali cha kiwanda cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mwaka 2023. Gesi ile ilikuwa gesi njema ile ile isifiwayo kwa usafi wake. Kilichokosekana ni mtambo halali na umbali kati ya mtambo na vitanda vya watu.

Lakini haki itendeke: petroli nayo si malaika. Sisi wa mpakani twaijua biashara ya majerikeni, mafuta yakivushwa usiku kwa pikipiki kwenda upande wenye bei nzuri, na upande huo hubadilika kwa kadiri serikali hizi mbili zinavyobadili kodi. Mafuta hayo hulazwa ndani ya nyumba, chini ya kitanda, jirani ya koroboi. Mengine huchanganywa na mafuta ya taa, na injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo hutoa moshi unaochoma macho. Kenya ililazimika mwaka 2018 kuyatoza mafuta ya taa ada ya pekee ili kuikata tamaa biashara hiyo. Na mwezi wa Julai 2021, katika barabara hii hii itokayo Kisumu kuja Busia, mahali paitwapo Malanga, lori la petroli lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, nalo likaripuka na kuua zaidi ya 10. Petroli humwagika, hupenya udongoni, hufika kisimani. Gesi haichoteki kwa debe wala haimwagiki kisimani, na tangi lake hufungwa tangu kiwandani hadi kwenye injini. Mwenye kuipima hatari ya gesi na apime pia ile aliyokwisha kuizoea.

Sasa tuseme familia hii ingetaka kufanya jambo lenyewe kwa njia yake halali. La kwanza kuuliza si bei ya vifaa, ni pampu iko wapi. Kuna magari yanayotembea kwa gesi mjini Nairobi, na viko vituo vya kuyajaza; lakini teksi ya Tororo haiwezi kwenda Nairobi kunywa na kurudi. Mpaka kituo cha halali cha gesi ya magari kiwepo katika njia uipitayo kila siku, vifaa vyote vizuri utakavyofunga vitakuwa pambo, au vitakuwa kishawishi cha kujaza kwa mtungi wa jikoni, jambo ambalo litakurudisha kule kule tulikokukataza. Kwa familia hii, iliyotia akiba yote katika gari moja, twashauri kungoja.

La pili ni hesabu, na hii ifanyeni mezani na watoto wakubwa washiriki, maana ni zoezi jema la shule. Jikoni gesi huuzwa kwa kilo, kwenye pampu huuzwa kwa lita. Kilo moja ni kama lita 1.85. Mtungi wa kilo 13 basi una lita 24 hivi, na kwa mwendo wa gari lita hizo 24 ni sawa na lita 19 za petroli. Ukitaka kujua kama utaokoa cho chote, chukua bei ya kujaza mtungi huo, igawe kwa 19, kisha ulinganishe na bei ya lita ya petroli ya wiki hiyo. Kama tofauti ni ndogo, fedha ya fundi haitarudi kabla gari halijafa. Kumbukeni pia kwamba gari la gesi halikuachi uisahau petroli: asubuhi huwashwa kwa petroli mpaka injini ipate joto, ndipo hubadili. Na kodi ni upepo. Kenya iliitoza gesi ya kupikia kodi ya ongezeko la thamani kuanzia Julai 2021, ikaipunguza mwaka uliofuata, ikaiondoa Julai 2023. Ajengaye biashara juu ya bei ya leo na aangalie miaka hiyo mitatu.

Mahali ilipofanikiwa, gesi ya magari haikuletwa na fundi wa pembeni. Huko Hong Kong, mji wenye mitaa myembamba na teksi 18,000 hivi zilizokuwa za dizeli, serikali ilianza mwaka 2000 kuwapa wenye teksi fedha ya kusaidia kununua za gesi, ikahimiza vituo vya kujazia vijengwe, kisha ikakataa kuandikisha teksi mpya za dizeli. Kufikia mwisho wa mwaka 2003 karibu teksi zote zilikuwa zimekwisha kubadilika. Uturuki, Poland na Korea ya Kusini nazo zina mamilioni ya magari ya gesi, na wakaguzi wake, na sheria zake. Hata hivyo treni ipitayo chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa hukataa kupakia magari ya gesi. Waliokwisha kuizoea sana gesi ndio wanaojua pa kuikataza.

Hapa inatubidi tuondoe mchanganyiko mmoja wa maneno. Wasomaji waliokwenda Dar es Salaam wameona bajaji na teksi zinazotembea kwa gesi, wakarudi wakisema mbona Watanzania wanafanya. Ile ni gesi nyingine. Ni gesi asilia itokayo katika ardhi ya Tanzania yenyewe, kama ile ya Songo Songo iliyoanza kutumika mwaka 2004; ni nyepesi kuliko hewa, hupanda ikivuja, na hubanwa kwa nguvu kubwa mara 20 au zaidi ya gesi ya jikoni, katika mitungi minene ya namna yake. Mtungi wa kupikia ukitiwa gesi hiyo utapasuka. Sisi wa mpakani hatuna bomba la gesi asilia; tuna gesi ya maji maji iletwayo kutoka pwani kwa malori. Katika mipango ya mafuta ya Ziwa Albert gesi ya kupikia imo miongoni mwa mazao yanayotarajiwa, na siku hiyo ikifika huenda bei na njia zote zikageuka. Huenda pia magari ya umeme yakawa yametutangulia, kwa kuwa mabasi ya umeme ya Kiira yameundwa hapa hapa Uganda, na karakana za jeshi huko Nakasongola zilikuwa na mkono katika kazi hiyo.

Wakati wa kungoja, hewa haihitaji kungoja. Gari lile lile la petroli lililo na plagi safi, kichujio cha hewa kilichopanguswa vumbi, upepo wa kutosha katika magurudumu na mafuta yaliyonunuliwa kwenye pampu halali litatoa moshi mdogo kuliko lilivyotoa jana, na litakunywa kidogo. Dereva anayesubiri abiria stendi ya Malaba na azime injini. Hakuna abiria aliyewahi kuvutwa na mngurumo. Nao mtungi ambao fundi aliutaka uende katika buti una kazi nzuri zaidi nyumbani. Katika hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019, nyumba zaidi ya nusu zilikuwa zikipikia kuni, na zile zilizopikia gesi hazikufika robo. Mwanamke apikiaye kuni katika jiko lisilo na dirisha huvuta moshi mwingi kuliko afande wa kizuizini, na hapewi sare wala mshahara kwa kazi hiyo. Kilo 13 za gesi zikienda jikoni zitaokoa hewa ya nyumba nzima kwa majuma mengi. Zikienda garini zitakwisha kwa safari chache za Busia na kurudi.

Mtungi huo ukae wima, mahali penye upepo, mbali na shimo na ngazi. Viungo vyake vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti: povu likitutumka, pana tundu. Ukisikia harufu usiku usiwashe taa wala usiizime, maana swichi nayo ina cheche. Fungua milango na madirisha, funga mtungi kama unafikika, toa watoto nje, na simu upige ukiwa uani.

Na kwenu maafande mnaosimamisha magari kati ya Tororo na Busia, neno la mwisho ni la kazi. Gari la gesi lililofungwa kwa haki lina tangi lililofungiwa kwa mikanda ya chuma, lenye bamba la namba na tarehe ya kutengenezwa, na tundu la kujazia lililo nje ya gari kama la petroli. Mkifungua buti mkakuta mtungi wa jikoni na mpira wa jikoni unaopita chini ya viti, msianze na karatasi za dereva. Injini izimwe, sigara zitupwe mbali, abiria washushwe wote wapelekwe upande utokako upepo, kisha ndipo mtungi ufungwe na utolewe. Karatasi mtazikagua baadaye.